Sivko wa Jikoni

Harkness Bend, New York
19 Oktoba 1980

Darina mwanangu,

Pokea salamu zangu, na za Zuzka pia, ingawa saa hii yeye amelala kifudifudi chini ya meza akijaribu kumchora paka masharubu juu ya masharubu aliyonayo. Mzima kabisa. Jana amekula haluški, zile tambi za kabichi, sahani nzima akaomba ya kwangu. Mimi nami mzima, ukiacha masikio, na hayo si habari mpya. Mashine za kushonea viatu zilishayala zamani. Kwa hiyo nakuomba, usinipigie tena simu kwa Mama Petrak. Anasimama kwenye uzio akinipungia mikono miwili, nakimbia na aproni, nashika simu, nasikia bzzz. Andika barua, barua naisikia vizuri.

Sasa jambo lenyewe. Sivko yuko jikoni kwangu!

Ndiyo, Sivko wetu, farasi wa mbao wa bembea ya kuzunguka kule bustanini. Bembea imefungwa kwa baridi kama kila mwaka, lakini safari hii kamati imeamua farasi wote wakwanguliwe rangi ya zamani, wapakwe mpya kabla ya kiangazi. Fundi wa kulipwa hayupo. Kwa hiyo kila familia imechukua farasi wake nyumbani. Unawajua watu wa hapa. Mwenye kiwanda cha viatu aliitoa bembea ile watoto wapande bure milele, hakuna aliyenunua hata ukwato mmoja, ila jaribu kumpanda farasi wa mwenzio uone utakavyoangaliwa. Mama Petrak amemchukua Belka wake, amemweka sebuleni mbele ya televisheni. Sivko alikuwa wangu na wa marehemu baba yako, kisha wako, sasa wa Zuzka. Nani mwingine angemchukua? Wanaume watatu walimbeba, ikabidi tung'oe mlango wa jikoni. Nimemweka karibu na jiko, maana ndicho chumba pekee chenye joto hapa kwangu.

Na nina kesi ya kumaliza. Baba yako alikufa akishikilia kwamba siku bembea ilipoletwa Sivko alikuwa buluu. Mimi nasema alikuwa kijivu tangu mwanzo, ndiyo maana tukamwita Sivko, yaani wa kijivu. Baba yako Juraj akasema, wewe ulikuwa na miaka sita, ulikuwa unajua nini? Basi nitakwangua mpaka chini kabisa nimwaibishe huko aliko. Kijivu cha juu kimeshatoka, chini yake kuna nyekundu iliyopauka. Vumbi mpaka kwenye sukari. Zuzka anakaa mgongoni mwake nikifanya kazi, anazunguka dunia nzima bila kutoka jikoni, na kila akishuka analamba vidole. Anasema Sivko ni mtamu. Nimemwambia farasi si keki, bibi wee, hasikii.

Lini unakuja kumchukua mwanao? Sikufukuzi. Nauliza tu.

Shangazi yako,
Vilma


Seattle
6 Novemba 1980

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na umpe Zuzka busu nyuma ya sikio, pale anapopenda. Mimi naendelea vizuri. Mvua hapa hainyeshi, inaning'inia tu. Kazini nimepandishwa kutoka kuosha vyombo hadi kupakua chakula, na watengeneza meli wanakula utafikiri kesho hakuna. Nikirudi chumbani natoa harufu ya samaki mpaka kwenye nywele.

Nimecheka peke yangu kwenye basi nikisoma habari za Sivko. Jamani! Unamkumbuka Baba alivyokuwa anasimama kando yangu, kiganja mgongoni kwangu, mzunguko mzima hasemi neno? Nilikuwa naona miti inapita, naona kofia ya mwokaji mikate, naona wewe kwenye benchi, halafu tena miti. Hata nilipokuwa na mimba ya Zuzka nilipanda. Ulinigombeza, kisha ukaja kupanda farasi wa pembeni na pochi yako mkononi.

Mwambie asimle farasi wetu, abakize wa kiangazi. Natafuta nyumba inayokubali mtoto. Nadhani mwezi ujao.

Asante kwa mchoro. Paka ana masharubu mengi kweli.

Darina


Harkness Bend
14 Desemba 1980

Darina mwanangu,

Nakusalimu katikati ya theluji. Imefika kwenye kitasa. Mama Petrak ameteleza mbele ya kanisa, hakuumia, ila sketi ilipanda juu mbele ya padri na sasa anataka tumsahaulishe padri. Mjukuu wake Anička ameanza kutambaa, huyo mtoto ni fagio, anaokota kila kitu. Mama Petrak naye kila jioni anakwangua Belka huku anaangalia michezo yake ya televisheni.

Mimi niko kwenye rangi ya nne. Baada ya nyekundu ikaja kijani, kisha rangi ya maziwa. Kila rangi naijua. Ya kijani ni miaka ya vita, tulikuwa tunashona buti za jeshi usiku na mchana, na saa ya mapumziko tulikuwa tunakimbia bustanini na aproni zetu kupanda mzunguko mmoja kabla king'ora hakijalia. Wanawake wazima! Unajua kinachonifanya nipande hata sasa nikiwa mzee, watoto wakinicheka? Nikishika ule mlingoti wa shaba, kinanda cha bembea kinanipanda mikononi. Kinatoka chini, kinapita shabani, kinaingia viganjani mpaka mabegani. Wimbo wote naupata. Hakuna mahali pengine duniani ninaposikia muziki, Darina. Kanisani naona midomo tu.

Zuzka ana tumbo linalokataa. Haendi choo siku mbili tatu, analia, kisha anaacha. Nampa maji ya plamu. Amekuwa mkali kidogo, amenirushia kijiko. Nadhani anakukumbuka wewe. Paka naye anayumba akitembea, uzee.

Umesema mwezi ujao. Mwezi ndio huu.

Shangazi Vilma


Seattle
18 Januari 1981

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya uliochelewa. Barua yako ilizunguka, ikafika baada ya Krismasi. Kifurushi chenu cha mkate wa karanga kilifika kikiwa makombo, nimekula makombo yote kwa kijiko. Hapa wote wazima isipokuwa mpishi mkuu, ameungua mkono na sasa anatuamrisha kwa mkono mmoja na anajiona jemadari.

Shangazi, tumbo la Zuzka limepona? Hukuniambia kama umempeleka kwa daktari. Na mbona safari hii hakuna mchoro? Nimegeuza bahasha juu chini. Hata mstari mmoja tu, hata ule wa kumtia paka masharubu. Hajawahi kukosa kunichorea.

Najua anakasirika kwa sababu siko. Usiku nalala nikiwaza kwamba nimemvunja mtoto kwa mikono yangu mwenyewe. Niambie ukweli, hata kama ni mbaya. Anacheka? Anaimba ule wimbo wa bata?

Nyumba bado.

Darina


Harkness Bend
22 Februari 1981

Darina,

Salamu. Tuko wazima.

Juraj ameshinda! Ni buluu! Chini kabisa, juu ya mbao yenyewe, buluu ya anga la asubuhi, na madoa meupe kiunoni. Niliazima kifaa cha moto cha mafundi bomba, maana rangi zile za chini zilikuwa ngumu kuliko mfupa, na zilivyoungua zikakunjamana zikaanguka zenyewe. Moshi ulijaa jiko zima siku mbili, macho yaliniwasha, lakini nilipofuta kwa kitambaa nikaiona buluu nikakaa chini kwenye kigoda nikalia. Baba yako alikuwa sawa miaka yote ile, na mimi nilimwita mwongo hata siku ya harusi yake. Nilimwambia Zuzka, angalia, babu yako alikuwa sawa.

Zuzka anaanguka anguka kidogo. Daktari alisema ni choo tu, akampa dawa ya kulainisha. Maneno anayachanganya. Juzi alinyooshea kidole kiatu chake akakaa muda, jina halikuja. Atakuwa na usingizi. Paka amekufa.

Mchoro nitamwambia achore akipata nguvu ya kushika kalamu.

V.


Seattle
3 Machi 1981

Shangazi,

Sijui nianzie wapi. Nimeshampigia simu Mama Petrak kabla ya kushika kalamu. Nimemwambia amchukue Zuzka ampeleke hospitali sasa hivi, aseme ni sumu ya rangi. Alikuwa analia kwenye simu, mimi napiga kelele, sijui amekuelewesha nini kwa ile mikono yake, ndiyo maana naandika. Ijumaa napanda basi nije.

Toeni farasi nje. Yule farasi, Shangazi! Mtoe nje!

Wakwanguaji wa meli hapa wanakula chumba chao peke yao. Miezi yote hii nilidhani wanabaguliwa. Leo mmoja wao, Rudy, aliingia kwetu na nguo zake za kazi kuomba kahawa, msimamizi akamfukuza kama mbwa. Nikamfuata nje nimpe pole. Akacheka, akasema msimamizi yuko sawa. Rangi ya zamani ina madini ya risasi ndani yake. Vumbi lake na moshi wake vinaingia kwenye damu, mtu mzima anaumwa tumbo na viungo, lakini mtoto vinampanda kichwani. Nikamuuliza, mtoto akoje? Akasema, hana choo, mkali, anayumba, anasahau maneno. Akasema mwanawe wa kwanza alikuwa analamba buti zake za kazi mlangoni, hawakujua kwa nini. Mtoto alikuwa anasema ni tamu.

Nikakimbilia simu.

Tamu, Shangazi. Uliniandikia mwezi wa kumi. Nikacheka kwenye basi.

Darina


Seattle
14 Aprili 1981

Shangazi,

Shikamoo. Tumefika salama. Zuzka alilala karibu njia yote, kichwa mapajani kwangu. Mwenye nyumba amempa mdoli, yeye amemweka kitandani amemgeuzia uso ukutani. Anatembea akishika kuta. Akitaka maji anasema "ile." Akitaka kiatu, "ile." Daktari wa huku amempima, kiwango kimeshuka sana baada ya zile sindano za kutoa risasi mwilini, ila amesema yaliyokwishaingia kichwani hayapimwi kwa damu. Maneno mengine yatarudi, mengine hajui. Nilimuuliza yapi. Akaniandikia tarehe ya kurudi.

Sijakuandikia ili nikugombeze. Ulimshika miguu kila walipomchoma, na mimi nilitoka kwenda kulia kwenye korido, nakumbuka nani alibaki chumbani. Kwa hilo nakushukuru mpaka nife.

Lakini kuna jambo, na hatukuligusa wiki zote zile nilizokaa kwako, tukapika, tukafua, tukasugua jiko kuta na dari, Sivko amesimama bandani kafunikwa turubai, na hatukuligusa. Muuguzi alipouliza rangi imetoka wapi, ulisema madirishani. Ulisema kwa sauti kubwa, maana huna nyingine, korido nzima ikasikia. Nyumba ya zamani, madirisha ya zamani. Akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama pale, koti mkononi. Sikusema neno. Nilijiambia nimechoka.

Shangazi, farasi wengine wako wapi? Belka yuko wapi?

Darina


Harkness Bend
27 Aprili 1981

Darina mwanangu,

Nakusalimu kwa salamu za Pasaka, na mpe Zuzka yai jekundu nililolifunga ndani ya soksi, natumaini halikupasuka. Nilioka mkate wa Pasaka peke yangu, ukaumuka vibaya. Kanisani kulijaa. Padri amepata miwani mipya, sasa anatuona wote na hafurahii. Barafu ya mtoni imeondoka bila kuvunja kitu, mwaka jana ilichukua uzio wa akina Hudak. Nimepanda vitunguu. Kaburi la baba yako nimelisafisha.

Mama Petrak ananiletea supu kila Alhamisi. Mwanamke mwema sana, huwezi kuamini. Tangu habari ya Zuzka amekwangua madirisha yake yote, ameyaosha na magadi, kisha ameita mtu ayapake upya, kwa sababu ya Anička. Anamwambia kila mtu dukani, angalieni madirisha yenu, angalieni madirisha. Akiniona ananikumbatia. Ananiambia, Vilma, mtoto wenu ametuokoa sisi.

Bembea itafunguliwa mwisho wa Mei kama kawaida. Kinanda kimeshatengenezwa.

Uliniuliza jambo. Karatasi imeniishia.

Shangazi yako


Seattle
4 Mei 1981

Leo sikusalimu.

Mama Petrak ndiye aliyekimbia kwenye theluji na viatu vya ndani kumbeba mwanangu. Mjukuu wake anatambaa chini ya Belka, na anaokota kila kitu, wewe mwenyewe uliniandikia. Anasafisha madirisha, Shangazi! Madirisha!

Mara mbili nimeinua simu nikaiweka. Nikimwambia mimi, watu watasema Vilma alijua akanyamaza, na hutaweza tena kuishi mtaa ule. Nilikuwa nakuonea huruma. Jana usiku Zuzka aliamka akaniita, akaanza, "Ma," ikakwama, akajaribu tena, akaanza kujipiga kichwani kwa ngumi. Huruma imeniishia.

Barua hii itakufikia Ijumaa. Jumapili mchana nitapiga simu. Nikimkuta hajui, nitamwambia yote, na la hospitali pia, na kwamba mimi nilisimama pale.

Darina


Harkness Bend
9 Mei 1981, Jumamosi

Darina,

Barua yako niliipata jana mchana. Niliisoma nimesimama kwenye sanduku la barua. Nitakwambia ilivyokuwa, moja baada ya nyingine, usije ukanipamba.

Sikwenda jana. Niliogopa. Nilivaa kofia nikaivua. Nilijiambia nitakwenda asubuhi, watu wakiwa wametulia. Usiku niliwaza nitakavyoipa barua yako jibu zuri, nikuambie Belka amesharudishwa, Anička ni mzima, usipige simu. Naam, niliwaza hivyo. Nilikuwa naogopa wataifunga bembea, na bila bembea nitakaa na ukimya huu masikioni mpaka waje kunizika. Mtoto wa watu nilimweka upande mmoja wa mzani, na muziki upande wa pili, na nikawa napima. Nisingependa ujue, lakini ujue.

Asubuhi nikatoka. Mlango wao ulikuwa wazi, na kutoka kwenye ngazi nikaona sebule yote. Belka amekwanguliwa nusu, upande wa ukutani mweupe, upande wa dirishani bado mwekundu. Gazeti limetandikwa chini yake, limejaa vumbi na magamba ya rangi. Na Anička ameketi katikati ya gazeti na nepi yake, anapiga magamba kwa viganja, anayashika, na kidole gumba kinywani.

Nilipiga kelele. Sauti yangu siisikii, unajua, lakini mtoto alikunja uso akaanza kulia, na Mama Petrak akatoka jikoni mikono ina unga, ndipo nikajua nimepiga kelele kweli. Nikamnyakua mtoto. Nikamkumbatisha bibi yake. Nikasema, si madirisha. Nikasema, ni farasi. Ni rangi ya farasi, ndiyo iliyompata Zuzka, Zuzka hakugusa dirisha hata moja, mnyweshe mtoto maji, mwoshe, mkimbize hospitali, useme risasi, risasi kwenye rangi. Nilikuwa nasema yote kwa mpigo mmoja na yeye amesimama na unga, mdomo wake haujafunguka.

Kisha ukafunguka. Nilimwona anasema kitu. Nikatingisha kichwa, sijapata. Akamhamisha mtoto mkono wa pili, akasogea karibu, akasema taratibu kama anavyosema nami siku zote, ili midomo ionekane.

"Tangu lini unajua?"

Nikasema, "Tangu Machi."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alichukua blanketi la mtoto, akanipita mlangoni, akaenda kwenye gari la akina Hudak bila kufunga nyumba. Mimi nilibaki. Nikalowesha gazeti maji, nikalikunja na vumbi lake, nikafuta sakafu kwa matambara ya maji, nikaviweka vyote ndani ya ndoo nikaifunika. Nikafunga mlango wa watu nikaenda kwa padri. Yeye ana orodha ya nyumba zenye farasi. Nikamwambia agonge kengele.

Jumanne. Barua hii sikuituma, nilikuwa nasubiri. Majibu ya Anička yametoka, padri ameniandikia kwenye kipande cha bahasha. Risasi imo kwenye damu. Si kama ya Zuzka, hatachomwa sindano, atapewa dawa ya madini ya chuma na maziwa na kupimwa kila mara, lakini imo. Kusingekuwa na kitu kama ningesema Machi. Watoto wengine wanapimwa. Farasi wote wamepelekwa kituo cha zimamoto, wamefungwa kwenye plastiki, na bembea haitafunguliwa, hakuna anayejua mpaka lini. Sivko naye wamekuja kumchukua. Walimfunika uso. Ile buluu sikuiona tena.

Alhamisi hakutakuwa na supu.

Ulisema Jumapili utapiga simu, nadhani ulipiga. Sijui mlisemezana nini. Sikuulizi. Niambie tu habari ya Zuzka, hata kama hutaki kuniambia kitu kingine.

Vilma


Seattle
12 Julai 1981

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa kimya muda mrefu, na ulikuwa na haki ya kudhani nimekuacha. Sijakuacha. Nilipiga simu ile Jumapili, ikapokelewa na binti yake, akasema, "Shangazi yako alikuja mwenyewe," akakata. Hayo tu. Mwezi uliopita Mama Petrak ameniandikia mistari miwili kunijulisha kwamba Anička amesimama wima. Hakukutaja. Lakini mwishoni aliuliza kama una mtu wa kukukatia kuni za baridi. Sasa sijui, wewe utajua zaidi yangu maana yake.

Kazini wazima. Nimepata vyumba viwili. Vimepakwa rangi mpya mwaka huu, niliuliza kabla ya kuuliza bei, mwenye nyumba akadhani nina wazimu.

Jumamosi tulikwenda kwenye maonyesho ya mji. Sikujua. Tulipita banda la mahindi, tukakata kona, na hiyo hapo mbele yetu, bembea ya zamani, farasi wa mbao, kinanda, milingoti ya shaba, kila kitu. Nilimshika mkono Zuzka nikageuka turudi. Hakugeuka. Alisimama palepale amekaza miguu, yeye ambaye siku hizi hasimami bila kushika kitu.

Nilimuuliza mwendeshaji, rangi ya hawa ni ya zamani? Akasema, bibi, ni ya zamani kuliko mimi, na ni nzuri, hata haijabanduka. Nilisimama pale mizunguko miwili mitatu. Nilikuwa na hofu, Shangazi, mwili mzima, kama vile kuna mtu ameshika kisu karibu na mtoto. Na yeye anaangalia, uso wake umefunguka, anaangalia farasi wanavyopanda na kushuka.

Nilikuwa na glavu zake za sufu kwenye mkoba, zile ulizomfumia, kwa sababu jioni huku kuna baridi. Nikamvika. Katikati ya Julai, jua linawaka, watu wanatuangalia. Nikamfunga na skafu mdomo na pua. Nikampandisha farasi mweusi wa nje, nikasimama kando yake na kiganja mgongoni mwake, kama Baba. Kinanda kikaanza. Miti ikapita, banda la mahindi likapita, mwanamke mmoja kwenye benchi akapita, na nilitamani awe wewe.

Mzunguko wa pili aliinama akamwangalia yule farasi shingoni, kwa muda mrefu. Kisha akaniinulia uso, akaivuta skafu chini kwa glavu yake. Tangu Machi sijasikia kutoka kwake sentensi iliyokamilika. Akaniuliza, wazi kabisa, kila neno mahali pake:

"Mama, na huyu ni mtamu?"

Nikamrudishia skafu. Nikamwambia hapana, mwanangu, huyu si mtamu. Tukamaliza mzunguko nikiwa nimeushika ule mlingoti kwa mikono yote miwili.

Darina